Kilichofukuliwa Mlangoni mwa Kiwanda cha Pareto

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujanisoma, usihuzunike. Hukukosa raha yoyote. Mimi ndiye Minza binti Bujiku wa Usangu, yule ambaye mume alimwacha Mbalizi, kibanda chake cha kushonea kikaungua, akaja Iyunga na mkasi mmoja na mdomo usiojua kunyamaza.

Iyunga nikampata Isakwisa, fundi seremala na mwalimu wa kwaya. Tukapendana. Na pamoja tukalipata jumba.

Jumba lenyewe ni kile kiwanda cha zamani cha kukaushia pareto, yale maua ya dawa ya kuulia wadudu, kilichofungwa kabla mimi sijaota meno. Tulifagia vumbi la maua mpaka tukapiga chafya wiki nzima. Trei za waya za kukaushia tukazigeuza viti. Penye tanuri tukajenga jukwaa. Zege la mlango wa mbele lilikuwa limebomoka, Isakwisa akajaza udongo kwa mikono yake na kuushindilia.

Watu wa mtaani husema jumba lile halikai hata inzi, maana pareto imeingia mpaka kwenye matofali. Mimi nilicheka. Nikasema inzi wasije, watu waje.

Ufunguo alikuwa nao Zabron, mwenyekiti wa mtaa. Sharti lake lilikuwa moja. Siku ya ufunguzi ikipita salama, ufunguo ni wetu, na vijana wa maigizo, wachoraji, watu wa ngoma na wanakwaya watakuwa na nyumba yao. Ikitokea vurugu, mlango unafungwa na jumba linarudi kuwa gofu.

Sikuwa na kingine duniani. Umri wangu, nguvu zangu na mapenzi yangu yote niliyaweka ndani ya zile kuta.

Wiki iliyopita simulizi tuliiachia pale Mama Tupokigwe, mama yake Isakwisa na kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliponisimamisha mbele ya wanakwaya wote. Huyo mama hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Wewe binti wa Usangu," aliniambia, "hiyo siku ya ufunguzi, nani anaanza? Sisi au hao watu wenu wa majembe?"

Watu wetu wa majembe walikuwa baba yangu na kundi lake. Baba ni manju, mtunzi na kiongozi wa bugobogobo, ngoma yetu sisi Wasukuma tuliohamia Usangu, ya kurusha majembe juu na kuyadaka. Ng'ombe zimekwisha, ngoma imebaki.

"Nyumba inafunguliwa kwa maombi," Mama Tupokigwe akaendelea. "Hatuwezi kuja kuimba juu ya vumbi la ngoma."

"Na wao wametoka mbali, mama. Mgeni hawezi kuambiwa asubiri."

"Basi chagua."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipojichimbia.

Kwetu ngoma hazipangwi foleni. Makundi mawili yakikutana, yanacheza kwa wakati mmoja, moja huku, lingine kule. Watu wanazunguka wenyewe. Atakayependeza watu wanamfuata, na aliyeachwa anajua kazi anayo mwakani. Nimekua nikiona hivyo. Sijawahi kuona mtu akilia.

Nikasema kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa ya malaria, "Hakuna wa kuanza! Wote mnaanza pamoja. Kwaya mlango wa mbele, ngoma mlango wa nyuma. Jumba ni refu."

Isakwisa akanivuta pembeni. "Minza, kwaya si ngoma. Sisi hatushindani."

"Nani kasema mnashindana? Mnaimba tu."

"Na watu wakihamia upande mmoja?"

"Wewe huna imani na kwaya yako?"

Akarudi kwa wanakwaya wake. Ninao ulimi, ndugu zangu, na ulimi huu umenila mara nyingi kuliko njaa.

Mama Tupokigwe alinitazama muda mrefu. Nilidhani atapinga. Akasema, "Haya. Kila mtu na mlango wake." Akaondoka zake. Nami nikafurahi kama mjinga aliyeshinda kesi.

Kuna jambo jingine nililosahau kuwasimulia. Majoho ya kwaya ile niliyashona mimi, kitambaa cha zambarau. Kipande kilichobaki nikamshonea Isakwisa kifungio cha patasi zake, pindo la uzi wa njano na kamba mbili za kufungia. Ndiyo zawadi pekee niliyowahi kumpa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaapa mbele yangu kwamba patasi zake hazitalala uchi tena.

Kikumbukeni hicho kitambaa.

Baba alifika na kundi lake siku moja kabla, kwenye Fuso waliyoikodi. Amekonda. Kikohozi kimemkaa kifuani kama mpangaji asiyehama. Ngoma yao kubwa ilikataa kupita mbele, wakaingilia mlango wa nyuma, kule magari yalikokuwa yakipakiza zamani.

Nilipiga goti kumsalimia. Akanishika kichwa.

"Ng'wanawane, mwanangu, hii jumba ni kubwa."

"Ni kubwa, baba."

"Itajaa?"

"Sijui, baba. Naogopa."

"Usiogope. Jumba isipojaa, ni aibu ya manju. Siyo yako." Akakohoa, akacheka. "Mimi ng'ombe nilikuwa nakuwekea, zimeisha. Acha nikuachie watu."

Niliona ni maneno ya mzazi. Nikaenda kumpikia ugali.

Siku yenyewe ikafika na jua zuri. Watu walikuja, jamani! Walikuja wa Iyunga, wa Mbalizi, wanafunzi, mama lishe, waendesha bodaboda. Nilisimama katikati ya jumba, machozi yananilenga. Zabron alikuwa amevaa koti la suti, ufunguo umening'inia kidoleni, anauzungusha.

"Mambo si mabaya, Minza," akaniambia. "Mpaka jioni hivi hivi, unao."

Isakwisa akainua mikono. Kwaya ikaanza, na mnajua Wanyakyusa wakipanga sauti nne, hata mlevi anakaa vizuri. Watu wote wakasogea mbele.

Kisha kule nyuma baba akapuliza filimbi.

Ngoma ikagonga mara moja. Vichwa vikageuka. Ikagonga tena. Majembe yakapaa mpaka karibu na bati, yakashuka, yakadakwa, na watoto wakapiga kelele. Mama mmoja akainuka na kiti chake. Akafuata mwingine. Kufumba na kufumbua jumba lilikuwa limelalia upande mmoja.

Mwalimu wa kwaya, mnafahamu, huwapa watu mgongo. Isakwisa hakuona kitu. Aliendelea kuzungusha mikono kwa furaha, anatabasamu, na nyuma yake viti vimebaki vitupu. Alikuja kuyasoma kwenye uso wa mama yake.

Mama Tupokigwe alinyamaza katikati ya ubeti. Mmoja mmoja wanakwaya wakanyamaza naye. Ngoma ikabaki peke yake.

Nilikimbia. "Mama, ndiyo inavyokuwa, watarudi, wanazunguka tu..."

"Gwe binti, hii siyo kawaida," akasema. Hakupandisha sauti. "Watu waliokuja kusikiliza Neno hawawezi kukimbia hivi. Wamevutwa."

"Wamevutwa na majembe, mama."

"Yule mzee ameonekana asubuhi na jembe, anachimba."

"Wote wana majembe. Ni ngoma ya majembe!"

Watu wawili watatu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitembea mpaka mlango wa mbele, akasimama juu ya ule udongo wa Isakwisa, akagonga kwa kisigino.

"Chimbeni hapa."

Ngoma ikakatika. Mwanakwaya mmoja wa sauti nzito akaazima jembe kwa mchezaji wetu, akachimba. Sikuogopa hata kidogo. Nilijua hakuna kitu. Nilikuwa nikipanga maneno ya kuwachekesha watu wakishaona udongo mtupu.

Jembe likaibua kifurushi.

Kilikuwa cheusi kwa tope, kimefungwa kwa kamba, ukubwa wa ngumi. Watu wakarudi nyuma kwa pamoja. Zabron akasema, "Mimi ni serikali, siogopi," akakisukuma kwa fimbo ndefu kuliko yeye.

"Ee Kyala, ee Mungu!" wakalia akina mama. "Uchawi! Wametuletea uchawi!"

Baba alikuwa bado kule nyuma, jasho linamtoka, umati umemzuia. Zabron akampigia kelele kutoka mlangoni.

"Mzee Bujiku! Umefukia dawa kwenye hii jumba, hujafukia?"

Baba akajibu kama mtu aliyeulizwa kama amekula. "Nimefukia."

Nikamwangalia tena, nione kama anatania.

"Ni ya kuvuta watu tu," akasema. "Manju gani asiyefukia? Haimdhuru mtu. Binti yangu alitaka watu."

Hakuna aliyesikia zaidi ya neno la kwanza. Kelele zikapanda mpaka kwenye bati. Wenye watoto wakawabeba, wenye pikipiki wakawasha. Jumba lililokuwa limejaa likajimwaga nje, na Zabron akauingiza ufunguo mfukoni mwa koti.

"Basi," akaniambia. "Nilisema vurugu nafunga. Nafunga."

"Mwenyekiti, nakuomba."

"Unaniomba nini? Watu watasema mwenyekiti anafuga wachawi."

Hapo ndipo Mama Tupokigwe aliponisaidia. Nasema aliponisaidia, kwa kuwa wakati ule ndivyo nilivyoona.

"Mwenyekiti, hii jumba haina kosa," akasema. "Vijana wetu wameitolea jasho. Huyu binti aseme hapa, mbele ya watu, kwamba hayo mambo si yake. Na aliyeyaleta asikanyage hapa tena. Tutachoma hii takataka, tutaomba, yataisha."

Zabron akafikiri. Akautoa ufunguo, akaushika. "Hiyo nakubali. Aseme."

Isakwisa akaniinamia sikioni. Mkono wake ulikuwa unatetemeka begani kwangu. "Sema tu, Minza. Mzee ataelewa. Utamwomba radhi baadaye. Jumba likifungwa leo, halifunguki tena."

Nilimtazama baba. Umati ulikuwa umempisha, amesimama na filimbi shingoni, anakohoa. Alinipa ishara ya kichwa, kama anaponiambia nianzishe wimbo.

Nikafungua kinywa changu hiki.

"Mimi," nikasema, "sina fungu katika mambo ya mzee huyu."

Mzee huyu. Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikuweza kusema baba na kumkana katika sentensi moja, kwa hiyo nikaliacha neno baba.

Baba aliivua ile filimbi, akaitundika kwenye msumari, akawaambia wenzake wabebe ngoma. Walitoka kwa mlango wa nyuma, walikoingilia. Mbele wanakwaya wakamwaga mafuta ya taa juu ya kifurushi na kukitia kiberiti, huku wakiimba. Zabron akamkabidhi Isakwisa ufunguo.

Watu hawakurudi. Wimbo ulipokwisha, na wanakwaya nao wakaondoka, wakipita mlangoni kwa kuruka, wasikanyage ule udongo.

Nikaiona filimbi pale kwenye msumari. Nikaichomoa, nikakimbilia barabara kuu.

Fuso ilikuwa inawashwa. Baba alikaa mbele, kioo kimeshushwa.

"Baba, filimbi yako."

"Sikuisahau. Nimeiacha."

"Baba, nisamehe. Walisema watafunga..."

"Umeniita mzee huyu," akasema polepole. "Sawa. Mzee ni heshima."

Nililia pale barabarani, malori yanapita, wenye bodaboda wananitazama. Ningependa kuwaambia kwamba alinifuta machozi. Hakunifuta. Alingoja nimalize, kama anavyongoja ng'ombe amalize kunywa.

"Lakini wewe ulilia nini?" akauliza. "Ilijaa. Niliona kwa macho yangu, ilijaa. Halafu wakaikimbia."

"Kwa nini uliifukia pale mlangoni, baba? Si ungeniambia mimi?"

"Mlangoni ndiyo inafukiwa. Tulikoingilia na ngoma."

"Pale mbele ambapo..."

"Mbele wapi?" Akanigeukia vizuri kwa mara ya kwanza. "Mimi mlango wa mbele sijakanyaga tangu nifike."

Dereva akapiga honi. Nikaukamata mlango wa gari.

"Baba, kile kifurushi walichokichoma..."

"Kifurushi?" Akaguna. "Mimi sifungi vifurushi, ng'wanawane. Yangu ni pembe. Pembe ya ng'ombe wa mwisho. Ipo mlango wa nyuma."

"Kwa nini hukusema?"

"Kifurushi sikukiona mimi, watu walijaa. Niliulizwa kama nimefukia, nimesema nimefukia. Nikasikia mwanangu akihukumu." Akaanza kukohoa. Kikohozi kilimchukua muda. "Nikaona kesi imekwisha."

Gari likaondoka na mkono wangu ukiwa bado hewani. Nimempigia simu tangu siku ile. Simu yake haipatikani.

Nilirudi kiwandani nikipita nyuma. Nilipiga magoti mlangoni, nikachimba kwa vidole na kwa ile filimbi. Haikuwa mbali. Pembe ndogo, safi, imezibwa kwa nta, haijaguswa na mtu. Ya ng'ombe wetu wa mwisho, yule mwekundu, aliyekufa mwaka ule wa ukame. Nilimjua kwa ule mkunjo wa pembe. Baba alikuwa akimtunzia mtu mmoja tu, mimi.

Niliirudisha ardhini. Nikaifukia tena kwa mikono yangu, mimi niliyesema sina fungu.

Halafu nikazunguka mpaka mlango wa mbele.

Majivu yalikuwa bado na joto. Mafuta ya taa huchoma juu, lakini tope lilikuwa limekilinda kile kifurushi kwa chini. Nikakigeuza kwa kijiti. Kimebaki kipande cha kitambaa, kama kiganja. Nikakitemea mate, nikakisugua kwenye kanga yangu.

Zambarau.

Nikasugua pembeni. Pindo. Uzi wa njano, na pale pembeni mshono umerudiwa mara mbili, kwa sababu siku ile cherehani niliyoazima ilikuwa inaruka uzi na nikarudia kwa mkono. Fundi hupotewa na mtoto wake sokoni, lakini mshono wake haumpotei.

Niliketi chini. Sikulia. Kilio changu nilikuwa nimekimalizia barabarani.

Udongo wa mlango ule alijaza Isakwisa. Kifungio kile nilimpa Isakwisa. Aliyeniinamia sikioni akaniambia nimkane baba yangu ni Isakwisa. Mkono wake ulitetemeka, nami nikadhani ananihurumia.

"Minza! Upo huku?"

Alitokea ndani, ufunguo mkononi, uso umechoka lakini unajaribu kucheka. Nyuma yake mama yake alikuwa anafagia majivu yaliyopeperuka mpaka kwenye sakafu. Sanduku lake la vifaa lilikuwa limewekwa kwenye kiti cha kwanza.

"Shika," akasema, akanipa ufunguo. "Ni wetu. Nilikuambia, mzee akishaondoka watu watatulia wenyewe."

Niliupokea. Nimeungoja ufunguo ule kuliko nilivyoingoja ndoa yangu ya kwanza, na sasa ulikuwa mkononi mwangu, mzito, umeshika kutu.

"Isakwisa," nikasema, "patasi zako siku hizi zinalala na nini?"

Kile kipande cha kitambaa nilikuwa nimekifumba kwenye mkono mwingine. Hakukiona. Lakini swali alilisikia, maana lile cheko lilimtoka usoni lote.

Nilitegemea atalitazama sanduku lake. Hakulitazama.

Alimtazama mama yake.

Mama Tupokigwe akaacha kufagia. Akaegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye kitenge, akanijia mpaka pale mlangoni taratibu, akakanyaga ule udongo uliofukuliwa bila kuruka, kama mtu anayekijua vizuri kilichokuwemo. Alinishika bega palepale mwanawe aliponishika.

"Ndaga, ahsante, mkwe wangu," akasema. "Ingia ndani. Jumba ni lenu sasa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mkwe. Nikatazama ndani, kwenye viti vyote vile tulivyovitengeneza. Hakukuwa na mtu hata mmoja, wala inzi.